Oriano na Ngazi za Jumatatu

Tarehe 30 Juni mwenzetu Oriano Zattini anakabidhi funguo za karakana na kustaafu, baada ya miaka thelathini na mitano ya kuwafundisha watu wa bonde hili kukaa. Nimeandika kukaa, wala mpiga chapa hajakosea. Ukimwambia Oriano kwamba kazi yake ni kufundisha watu kuendesha pikipiki, atakukatiza kabla hujamaliza. Kuendesha, anasema, pikipiki inajua yenyewe; asiyejua kitu ni huyo aliyepanda juu yake.

Wakubwa wa shule wameniomba mimi, Marzia wa mapokezi, niandike wasifu huu kwa ajili ya jarida letu na kwa ajili ya chakula cha kumuaga. Sababu waliyoitoa ni kwamba ninaandika vizuri. Sababu ya kweli ni kwamba meza yangu iko juu kabisa ya ngazi, na karibu kila jambo la maana katika kazi ya Oriano limetokea kwenye ngazi zile. Isitoshe, hapa Rocca yamesemwa mengi kuhusu safari yake ya mwisho ya Muraglione, kule juu mlimani ambako kila darasa letu humalizia mafunzo kwa kuugusa ukuta mkubwa wa mawe. Wapo wanaosema alizuiwa kwenda, wapo wanaosema aliogopa, na wapo wanaosema alibebwa. Hilo la kubebwa ni kweli. Mengine nitayanyoosha hapa.

Oriano alizaliwa Dovadola, na kabla ya kuja kwetu alikuwa akitengeneza makochi kwenye kiwanda kimoja cha Forlì. Alijaza sponji, akapigilia vitambaa, na siku za mauzo alisimama kando akiwatazama wateja wakijaribu bidhaa. Wanajitupa, wanalegea, wanafumba macho. Jioni alipanda pikipiki yake kurudi nyumbani, na mgongo ukamuuma zaidi kwa safari hiyo fupi kuliko ulivyomuuma kwa kazi ya kutwa nzima. Akaanza kujiuliza. Mtu aliyelelewa na kochi, hutuambia mpaka leo, ukimweka juu ya pikipiki hufanya moja kati ya mambo mawili: ama atalegea kama yuko sebuleni kwake, ama atakakamaa kama yuko kwa daktari wa meno.

Alikuja hapa kama fundi msaidizi. Mwalimu wa wakati ule alivunjika mguu kwenye theluji, darasa likabaki yatima, na Oriano akapewa alishike kwa muda. Ule muda ndio unaokwisha mwezi huu. Jumapili yake ya kwanza aliwatoa wanafunzi barabarani, wakafika kijiji cha Portico na kurudi, wote wakicheka. Jumatatu jioni walikuja kwenye darasa la nadharia, na darasa la nadharia, kama mnavyojua, liko ghorofani, juu ya duka la matrekta, na ngazi zake zilijengwa na mtu aliyewachukia binadamu. Walipanda wakiguna. Oriano alikuwa amesimama juu na chaki mkononi, akagundua kwamba kila mmoja anaguna kivyake. Yupo aliyeshika shingo, yupo aliyeshika kiuno, yupo aliyekuwa akikung'uta mikono. Akaiweka chaki chini, na somo la siku ile likafanyikia ngazini.

Hapo ndipo zilipoanza Ngazi za Jumatatu, ambazo shule nyingine za jirani zimejaribu kuziiga zikashindwa, labda kwa sababu zina lifti. Kila mwanafunzi anayepanda huulizwa swali moja: unaumwa wapi? Akishaonyesha, Oriano humwambia alivyokaa jana yake, hata kama hakumwona kwa macho. Sheria ni moja tu. Kwenye ngazi hakuna kudanganya, kwa sababu anayeficha maumivu yake leo atayakuta barabarani kesho, tena kwenye kona.

Padri wetu Don Saverio alipojifunza, alipanda akiwa ameinamisha kichwa kama yuko kwenye mazishi. "Padri, jana kutwa ulikuwa unatazama gurudumu la mbele," Oriano akamwambia. "Umejuaje?" "Shingo yako imenisimulia. Hilo gurudumu haliendi popote bila wewe, liache. Tazama mbele, kona inakotokea, mwili utafuata macho." Don Saverio alikiri kwamba ni mara yake ya kwanza kuambiwa na mtu wa Dovadola ainue macho yake, na Jumapili iliyofuata alilitumia jambo hilo kwenye mahubiri bila kumtaja mwenyewe. Oriano anaendelea kumdai heshima hiyo.

Mchinjaji mmoja alishindwa kushika hata kalamu, maana mikono ilikuwa imekaza toka kiwiko hadi vidole. Huyo aliambiwa kwamba anashika usukani kama anamnyonga kuku, na kwamba kuku alishakufa zamani, amwachie. Makalio hayakumshughulisha Oriano hata kidogo. Makalio ya kila mtu huuma wiki ya kwanza, alisema, hayo hayana habari yoyote. Ila anayekaa mahali pamoja kama gunia, asijisogeze wala kujiinua kidogo kwenye mashimo, atakuwa bado anaomba mto wiki ya nne.

Kuna aina moja tu ya maumivu aliyoipongeza. Mwanafunzi akipanda ngazi kwa kutanua miguu kama bata, mapaja yakimuwaka kwa ndani, Oriano alishuka vidato viwili na kumpa mkono. Maana yake ni kwamba amelibana tangi kwa magoti na mapaja, ameushika mwili wake kwa miguu, na mikono imebaki huru kufanya kazi yake ndogo ya kuelekeza. Nimeona watu wazima, wenye vyeo vyao, wakipewa mkono ule na kukaribia kulia.

Lazima nitaje na piadina. Wageni hudhani ni mzaha. Oriano alichukua piadina mbili za moto, ile mikate bapa ya kwetu, kila moja imekunjwa na kufungwa kwenye karatasi, akamwekea mwanafunzi moja kila upande, kati ya goti na tangi, akamzungusha uwanjani polepole. Aliyefika mwisho nazo alizila. Aliyeziangusha zilimwendea Gilda, mbwa wa karakana, ambaye kwa sababu hiyo alinenepa kila Aprili na kukonda kila Juni, wanafunzi walipokuwa wamekwisha kuelewa.

Kwa miaka yote hiyo hakuna darasa lake lililorudi kutoka Muraglione na mtu aliyeumia. Alitakiwa mara mbili kuwa mkuu wa shule, akakataa mara mbili, akisema kiti cha mkuu kina magurudumu na yeye havijui viti vya namna hiyo. Na jambo jingine ambalo wote tulilijua: hakuwahi kupakiwa. Hata na mkewe, marehemu Dirce, aliyeendesha vizuri kuliko wengi wetu, Oriano hakupanda nyuma. "Huko nyuma mtu hana pa kushika ila imani," alisema, "na imani yangu mimi naiacha kanisani, inatosha."

Sasa nije kwenye mwaka huu.

Tangu Novemba iliyopita Oriano alianza kufika Jumatatu kabla ya kila mtu. Mimi ndiye mwenye funguo za mlango wa juu, na nilipokuja kufungua nilimkuta ameketi juu ya kidato cha mwisho, ameegemea mlango, anasema leo amewahi. Aliwahi hivyo majira yote ya baridi. Alishuka wa mwisho pia, taa zikiwa zimezimwa. Mtu aliyesoma miguno ya bonde zima alikuwa hataki mguno wake usomwe, na sisi tukamwachia heshima yake, kwa sababu wewe utamuulizaje Oriano swali la Oriano?

Machi tulifungua darasa ambalo wote tulijua ni lake la mwisho. Kati ya waliojiandikisha alikuwa Fosca Mengozzi, mwenye duka la tambi karibu na daraja, ana miaka hamsini na mitatu. Hakuna mtu wa Rocca asiyekula cappelletti zake, zile tambi ndogo zilizokunjwa na jibini ndani, zinazoliwa zikielea kwenye supu. Kila Jumapili waendesha pikipiki wa Forlì na Ravenna huegesha mlangoni kwake, hula, hufuta midomo, na kuondoka kwa makelele kwenda mlimani. Nilipomuuliza kwa nini anajiandikisha, alinishikia kalamu kama anataka kunichoma nayo.

"Marzia, miaka thelathini nawalisha wanaokwenda Muraglione. Nataka nikaone kuna nini huko."

"Si ungeenda kwa gari?"

"Nimeshaenda kwa gari, utotoni. Nilitapika njia nzima. Sikuona kitu."

Jumatatu yake ya kwanza alipanda ngazi akiwa ameinua mikono mbele, kama mtu aliyenawa akakosa taulo. Oriano hakuhitaji hata kuuliza, lakini aliuliza. Vifundo vya mikono, alisema Fosca, vyote viwili. "Unaegemea usukani," Oriano akamwambia. "Mikono siyo miguu ya meza. Legeza viwiko, bana tangi kwa magoti." Fosca akaitikia. Jumatatu ya pili vilikuwa vimevimba. Oriano akageuza vishikio vya breki na klachi viendane na mikono yake, akauinua usukani kidogo, akamzungusha uwanjani na piadina mpaka Gilda akazikinai. Haikusaidia. Fosca alisikia kila neno, akalirudia kama sala, na akipanda pikipiki mikono yake ikanyooka tena kama fimbo mbili.

Jumatatu ya tatu, Pasaka ikiwa imekaribia, wenzake wote walipanda, na yeye akabaki chini mlangoni na koti lake.

"Mwalimu, leo sipandi," aliita kutoka chini. "Nimekuja kuaga."

"Kuaga nini?"

"Jumamosi nimeshindwa kusukuma unga. Mama, na uzee wake ule, ndiye aliyenisukumia. Pasaka hii hapa, nusu ya Rocca wameagiza. Mikono hii ndiyo inayotulisha, Mwalimu, siyo pikipiki. Nimejaribu. Hainitaki."

Darasa zima walikuwa wameegemea reli, wanatazama chini. Oriano angeweza kumjibu kutoka juu. Badala yake alishuka. Na alivyoshuka ndivyo tulivyoona wote, kwa mara ya kwanza tangu Novemba: alishuka upande upande, mikono miwili kwenye reli, mguu wa kulia ukitafuta kila kidato kabla ya kukikanyaga, kama mtu anayeteremsha friji peke yake. Ilimchukua muda. Alipofika chini uso ulikuwa umemlowa jasho, akatabasamu kana kwamba hakuna lililotokea.

Fosca alimtazama kuanzia juu mpaka viatuni. "Na wewe, Mwalimu?" akasema. "Unaumwa wapi?"

Kwa miaka yote ile, sidhani kama kuna aliyewahi kumuuliza. Oriano akacheka kidogo. "Sisi walimu hatuulizwi."

"Mimi nimekuuliza. Na uko kwenye ngazi."

Hapo hakuwa na pa kukimbilia, sheria ilikuwa yake mwenyewe. Akakaa kwenye kidato cha kwanza. "Kiunoni," akasema. "Inashuka mguuni. Daktari anasema kuna mshipa umebanwa. Nikikaa nusu saa mguu wa kulia unakufa ganzi, na sijui kama nimekanyaga breki au nimekanyaga hewa."

"Tangu lini?"

"Tangu Novemba."

"Na umenyamaza!"

"Ningesema, darasa hili angepewa msaidizi wangu, Denis. Denis ni kijana mzuri, sina neno naye. Lakini hili ndilo la mwisho, Fosca. Nilitaka niuguse ukuta pamoja nanyi, basi, halafu niende nyumbani."

Niliyasikia hayo nikiwa juu na sikuona aibu kuyasikia. Nilichohisi ni huzuni. Fosca akavuta koti lake, akakaa pembeni yake kwenye kidato kilekile. "Basi tumepatana," akasema. "Mmoja hana mikono, mwingine hana mguu. Kesho asubuhi njoo dukani unywe supu, tuagane vizuri, siyo hapa mlangoni kama tunagombana."

Yaliyotokea dukani kesho yake nimesimuliwa na watu watatu, kila mmoja akijipa sifa. Ninayemwamini ni Iolanda, mama yake Fosca, ambaye ana miaka themanini na saba na hana haja ya sifa. Huyu humwita kila mwanamume kijana, awe na meno au hana.

Fosca alikuwa akisukuma unga polepole, akiuma midomo kwa maumivu. Tambi zetu, kwa asiyewahi kuona, husukumwa kwa fimbo ndefu juu ya ubao mpana, mpaka unga unakuwa shuka jembamba la manjano unaloweza kuona mwanga kupitia kwake. Oriano alikuwa na bakuli lake la supu kwenye kiti cha kona. Alikula, akatazama, akaacha kula.

"We kijana," Iolanda akamwambia, "umekuja kula au kukagua?"

"Kula, bi mkubwa. Lakini niambie, mbona anaubana unga kwa tumbo?"

Maana ndivyo wanavyofanya wote, na Oriano alikuwa amekiona kitu hicho tangu utotoni kwa mama yake mwenyewe bila kukitazama. Ukingo wa ule unga huning'inizwa nje ya ubao, na msukumaji hujisogeza, akaubana kati ya tumbo lake na meza usiteleze. Iolanda alimtazama kwa huruma. "Usipobanwa na tumbo, utabanwa na nini? Na mikono? Mikono ikianza kushika, itasukuma saa ngapi? Mwili unashika, mikono inapita tu. Anayeshika kwa mikono jioni hawezi kuvua hata soksi."

Oriano akaweka kijiko chini. "Fosca, ukiwa kwenye pikipiki, tumbo lako liko wapi?"

"Nyuma huko. Mbali."

"Mbali na nini?"

"Mbali na tangi! Lina petroli, Mwalimu. Ni mtu gani mwenye akili anakaa ameikumbatia petroli?"

Hapo ndipo kila kitu kilipokuwa. Tulikuwa tumemwambia bana tangi, bana tangi, naye aliliogopa. Maisha yake yote amekaa karibu na moto wa jiko, akajifunza kuweka umbali na chochote kinachowaka, kwa hiyo alijivuta nyuma ya kiti mpaka mwisho, na mikono ikalazimika kunyooka na kubeba mwili mzima. Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Piadina zilianguka kwa sababu magoti yake hayakuwahi kulifikia tangi sawasawa. Oriano hakumcheka. Alimwambia petroli ile imefungiwa ndani ya chuma na imekaa na maelfu ya magoti bila kumdhuru mtu, kisha akamchukua hivyohivyo na aproni yake mpaka uwanjani kwetu, unga ukimdondoka njia nzima.

Niliwaona kutoka dirishani. Pikipiki ilikuwa imesimamishwa kwenye stendi, haiendi popote. "Sogea mbele," Oriano alikuwa akisema. "Zaidi. Hapo ni kwenye ubao wako. Huo ni unga, usiuachie uanguke." Fosca akasogea, akalibana tangi kwa mapaja, akakaa wima kidogo, mabega yakashuka yenyewe kutoka masikioni. "Sasa mikono inafanya nini?"

Fosca aliinua viganja vyote viwili kutoka kwenye usukani, akavitazama, akavirudisha taratibu.

"Haina kazi," akasema.

"Ndiyo hivyo. Rudia mpaka uchoke."

Alisukuma unga wote wa Pasaka kwa mikono yake mwenyewe. Jumatatu ya kwanza baada ya sikukuu alipanda ngazi akitembea kama bata, ameshika reli, akimlaani Oriano na ukoo wake kwa kila kidato, mapaja yanawaka moto. Oriano, ambaye sasa hakuwa na haja ya kuwahi wala kujificha, alimsubiri katikati ya ngazi na kumpa mkono. Mei Fosca alipata leseni yake.

Lakini ukuta ulikuwa bado. Mkuu wa shule aliamua kwamba darasa litabaki la Oriano uwanjani na ngazini, ila barabarani litaongozwa na Denis, na siku ya Muraglione Oriano atakuja nami kwenye gari la vifaa. Oriano alikubali. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema kwamba mtu hawezi kuongoza watu mlimani kwa mguu asiouamini. Alilisema vizuri, kwa sauti ya kawaida, na kwa wiki nzima hakula chakula cha mchana nasi.

Siku ilipofika, Jumapili ya katikati ya Juni, alikuja amevaa jaketi lake na kushika helmeti yake, kama mtu aliyesahau. Nikafungua mlango wa gari, nikamwekea mto. Alisimama pale mlangoni, akitazama wenzake wakiwasha. Fosca akazima pikipiki yake, akaja.

"Mwalimu, helmeti hiyo unaivaa ndani ya gari?"

"Nimeizoea tu."

"Mguu wa breki huhitaji ukiwa nyuma yangu. Tutasimama Portico, tutasimama San Benedetto, utatembea, utanyoosha mgongo. Panda."

Wote tukageuka. Denis akaanza kukohoa. Oriano akatazama mikono ya Fosca, siyo uso wake, akaitazama kwa muda ambao sijui niupimeje. Najua alichokuwa akipima, kwa sababu nimemsikia akikisema kwa wengine mara nyingi: anayeendesha akiogopa, shingo ya aliyepakiwa ndiyo hujua kwanza. Kisha akavaa helmeti. Alipanda vibaya, mguu ukimgomea, Fosca akiishikilia pikipiki imara.

Niliwafuata nyuma na gari njia yote, kwa hiyo hakuna anayeweza kunisimulia. Mpaka Portico Oriano alishika chuma cha nyuma ya kiti kwa mikono miwili, vidole vimekaza, amekaa kama yule mtu wake aliye kwa daktari wa meno. Portico alitembea, akanywa kahawa. Mpaka San Benedetto mkono mmoja ulikuwa umeachia. Baada ya San Benedetto barabara inaanza kujikunja kweli, kona juu ya kona, msitu huku na bonde huku, na hapo ndipo nilipoona mikono yake yote miwili imekaa juu ya mapaja yake mwenyewe, imefunguka, kama ya mtu anayesikiliza muziki. Fosca aliinama kushoto, naye akainama. Aliinama kulia, naye akainama. Ilibidi nishushe kioo, macho yalikuwa yamenilowa na sikutaka kuwagonga.

Juu kileleni Fosca alivua helmeti, akasimama mbele ya ule ukuta mrefu wa mawe unaokinga upepo, akauangalia kuanzia huku mpaka kule.

"Ni huu tu?"

"Ni huu tu," Oriano akasema.

"Miaka thelathini wanamaliza cappelletti zangu, waje kuona ukuta?"

Akacheka mpaka akashika magoti, na darasa zima likacheka naye. Kisha akainuka, akaweka kiganja chake kwenye jiwe, akakiacha hapo. Oriano akaweka vyake viwili pembeni yake. Picha iliyobandikwa mapokezi ni ya wakati huo. Aliyeipiga ni mimi, ndiyo maana imepinda.

Jumatatu jioni hakuna aliyekwenda darasani. Wote walijipanga juu ya ngazi na kwenye reli, na Oriano akapanda wa mwisho, mbele ya macho yetu, taratibu, akipumzika katikati. Fosca alikuwa juu kabisa, mbele ya meza yangu, amekunja mikono.

"Unaumwa wapi, Mwalimu?"

Kila mtu pale alielewa swali lile. Aliyepakiwa ndiye cheti cha aliyempakia: breki za ghafla humkaa shingoni, na woga humkaa viganjani. Na kwenye ngazi zile Oriano hajawahi kudanganya ili kumfurahisha mtu, hakumdanganya hata padri. Fosca alikuwa amejikaza kuliko siku ya mtihani.

Oriano alifikiri. "Kiunoni," akasema, "lakini hicho ni cha kwangu mwenyewe, nilikuja nacho." Akageuza shingo kushoto, akaigeuza kulia. Akafungua viganja, akavifunga, akavifungua tena, akivitazama kama vya mtu mwingine.

"Basi," akasema. "Kwingine kote siumwi."

Akamnyooshea Fosca mkono kutoka pale alipokuwa, vidato vinne chini, na Fosca ilibidi amshukie.

Oriano, kwa niaba ya walimu, mafundi, mapokezi na Gilda, asante kwa kutukalisha vizuri. Denis amechukua chaki yako, na funguo utamwachia. Daktari amesema mapumziko. Sisi tunakuombea mapumziko yenye afya, marefu, na yasiyo na kochi hata moja. Ila Jumatatu ukiwa mjini usipite tu hapo chini kama mgeni. Panda, polepole, shika reli. Tutakuwa juu, na tutakuuliza.